Jumanne za Neville Pargeter, Mpiga Drams wa Viti Arobaini

Ndugu, jamaa na majirani, karatasi mliyoishika ilichelewa kutoka kwa mchapaji, na wa kulaumiwa ni mimi. Mimi ni Rosalind, dada yake marehemu, na kwa miaka tisa nilikuwa mwimbaji wa bendi yake. Nilikuwa nimeshaandika wasifu mzuri wa heshima, kila kitu mahali pake. Jumanne ya wiki iliyopita nikapigiwa simu. Baada ya simu hiyo nikampigia mchapaji asimamishe mashine, nikakaa mezani kuandika upya. Ndani ya maisha ya marehemu kuna uongo mmoja mkubwa, na aliyeusema ni mimi. Leo nimekuja kuufuta mbele yenu. Nitaufikia wakati wake ukifika, maana mambo haya yana utaratibu, na mama yetu amekaa safu ya mbele.

Marehemu Neville Ronald Pargeter alizaliwa Jumapili tarehe 9 Aprili 1972 huko Epsom, Surrey, mtoto wa pili na wa mwisho wa hayati Ronald Pargeter, karani wa bima, na Jean Pargeter. Daktari alikuwa amesema atazaliwa tarehe 26, lakini hakusubiri. Alitembea akiwa na miezi tisa. Baba alifunga kijilango cha mbao chini ya ngazi ili kumzuia, na siku ya tatu marehemu akakiparamia akapita. Alikulia Worcester Park, nyumba namba 31, moja ya zile nyumba pacha ambazo ukuta wa sebule yako ndio ukuta wa sebule ya jirani. Jirani yetu alikuwa Bwana Lumley. Mtaani kwetu watu hawagombani. Mtu akikerwa huandika barua, akaitumbukiza mlangoni, na kesho yake mkikutana kwenye uzio mnazungumza habari za mvua. Nawaomba mlikumbuke hilo, kwa sababu sisi sote tulilelewa hivyo, na hapo ndipo tulipoharibikiwa.

Masomo ya msingi aliyapata hapo hapo mtaani kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, na ya sekondari hadi 1988. Ripoti yake ya darasa la tatu mama bado anayo. Mwalimu aliandika: "Neville ni mtoto mwema. Ningependa kumwona akiwa ameketi." Mwalimu huyo, Mungu ambariki, alimpa kazi ya kupeleka daftari la mahudhurio ofisini kila asubuhi, ili apate kukimbia bila kuadhibiwa. Mwaka 1984 baba alimnunulia drams kuukuu zilizokuwa za kikosi cha vijana wa kanisa la Methodisti. Wiki haikuisha, barua ya Bwana Lumley ikaingia mlangoni: "Mpendwa Bwana Pargeter, tunaufurahia mno muziki wa Neville. Tungeufurahia zaidi kati ya saa kumi na saa kumi na moja." Baba akaelewa. Vijiti vikawa vinafungiwa kabatini hadi saa kumi kamili, na saa kumi na dakika moja nyumba nzima ilikuwa inatetemeka.

Bendi ilianza Septemba 1990. Tulikuwa wanne. Mimi niliimba, Martin Ockenden alicharaza gitaa, Sunil Wadhwani alipiga besi, na marehemu akawa nyuma yetu na drams zake. Tulipata ukumbi wa kanisa kila Alhamisi, kuanzia saa kumi na mbili jioni, skauti wadogo wa kike wakishatoka, hadi saa moja na nusu, kabla wacheza karata hawajaingia. Mwenye funguo alikuwa Bibi Bebbington. Sharti lake lilikuwa moja: tukiondoka, tuache viti arobaini vimepangwa, safu nne za kumi. Jina la bendi likatoka hapo. Kila Alhamisi, saa moja na dakika ishirini, Bibi Bebbington alisimama mlangoni na funguo mkononi, hasemi neno, anatabasamu tu. Marehemu akimwona, wimbo ulianza kwenda mbio. Sunil alikuwa akimpigia kelele:

"Nev, unakimbilia wapi?"

"Viti!" naye hujibu. "Mnataka nani avipange?"

Ikawa mazoea. Hata tulipopiga mahali pasipo Bibi Bebbington wala viti, kila wimbo wetu ulianza kwa mwendo mmoja na kuisha kwa mwendo mwingine. Tulimchukia kwa hilo. Halafu tukaanza kupiga kwenye vyumba vya nyuma vya baa za Kingston na Surbiton, tukaona watu waliokuja wamekunja mikono wanaikunjua kwenye dakika ya pili. Katikati ya wimbo walianza kurukaruka bila wenyewe kujua kwa nini. Watu wa mitaa yetu hawaruki ovyo. Mwaka 1993 kanda yetu ilipigwa kwenye redio jioni moja, mama akaizima televisheni ili asikie, na Bwana Lumley akaandika barua kutupongeza. Mei 1994 kampuni moja ya muziki ya London ikatuita tuweke sahihi. Baba alivaa suti kutusindikiza, ingawa hakuna aliyemwomba aje.

Sasa nafika pale nilipoahidi kufika.

Oktoba 1994 tuliingia studio kurekodi albamu yetu ya kwanza. Marehemu alipiga drams zake wiki ya kwanza, kwa siku tano, akarudi nyumbani mikono imechubuka na uso umejaa furaha. Jumamosi prodyuza akatuita sisi watatu.

"Huyu kijana ni mzuri," akasema, "lakini wimbo anauanzia nyumbani kwenu, na dakika tatu baadaye yuko Uskoti. Siwezi kuukata mkanda wala kuuunga. Jumatatu naleta mtu wangu azipige upya. Mtamwambia ninyi."

Tukaenda kukaa jikoni mwa ile studio.

"Nani atamwambia?" akauliza Sunil.

"Roz," akasema Martin. "Ni damu yake."

"Ndiyo maana siwezi. Wewe ndiye uliyeanzisha bendi."

"Mimi? Mimi nikimwambia ataona ninamwonea wivu."

"Wivu wa nini, Martin?"

"Sijui. Nasema tu."

"Basi tumwambie pamoja," nikasema. "Tunywe chai kwanza."

Chai ikanywewa, ikapikwa nyingine. Tulipomaliza birika la pili tulikuwa tumepata hila. Tulimwambia marehemu kwamba kampuni inataka picha ya jalada, viti arobaini ndani ya ukumbi, na hakuna anayefaa kuipiga ila yeye. Alifurahi mno. Akaazima kamera ya baba, akaenda ukumbini Jumatatu na Jumanne, na wakati anapanga viti, mtu mwingine alikuwa amekaa mahali pake studio. Mtu huyo alitoka Thornton Heath, mtu mzima, mpole, jina lake Clifton Braithwaite. Alipiga nyimbo zote tisa kwa siku mbili, akavaa koti, akatushukuru kwa chai.

Jumanne tarehe 18 Oktoba, saa kumi na moja jioni, marehemu aliingia jikoni mule na filamu tatu mfukoni.

"Nimevipanga mara kumi na moja," akasema. "Bibi Bebbington kanisaidia, anasema safu ya tatu ilikuwa inapinda. Haya, niambieni. Drams zangu zimekaaje?"

Martin akaangalia kikombe chake. Sunil akaangalia kikombe cha Martin.

"Zimekaa vizuri sana, Nev," nikasema.

Huo ndio uongo. Niliusema mimi, kwa mdomo wangu, huku nikimmiminia chai. Nilijiambia nitamweleza Jumamosi, halafu Krismasi ikishapita, halafu albamu ikishatoka. Jalada likachapwa, ile picha yake mbele, na nyuma yake maneno haya: Drams, Neville Pargeter. Kila mwaka uliopita ulifanya neno lenyewe kuwa gumu zaidi kutamka.

Jumamosi tarehe 11 Februari 1995 tuliisikiliza santuri ile kwa mara ya kwanza sebuleni kwa mama, kukiwa na keki na sahani nzuri za wageni. Wimbo wa kwanza ulikuwa "Basi Badala ya Treni", ule mnaoujua nyote. Marehemu alikuwa akigonga vidole kwenye mkono wa kiti. Kabla wimbo haujafika nusu, vidole vikaacha kugonga. Ulipokwisha alisimama, akasema, "Umetoka vizuri, eh?" kisha akatoka nje, akaitoa mashine ya kukatia majani bandani, akaanza kukata majani. Februari! Ardhi imeganda, hakuna jani lililoota tangu Oktoba. Bwana Lumley alitoka na soksi tu miguuni kumwuliza kama nyumbani kuna usalama. Sisi tulicheka dirishani. Nilidhani ni furaha imemzidi.

Wimbo ulipanda kwenye chati hadi nafasi ya tisa. Albamu ilifika ya nne. Tulionekana kwenye televisheni, tukazunguka nchi nzima ndani ya gari dogo la mizigo, na kuanzia masika ile marehemu akawa na ratiba moja isiyoguswa: kila Jumanne asubuhi, tukiwa nyumbani, alikwenda kuogelea Cheam. Alirudi mchana na begi lake, nywele kavu kabisa. Hakuna aliyemwuliza. Kwetu mtu akikuambia ametoka kuogelea, hata akiwa mkavu, unamwuliza kama maji yalikuwa na joto.

Jumamosi tarehe 26 Agosti mwaka huo tulipanda jukwaa kubwa la tamasha shambani, mbele ya watu elfu thelathini. Nilikuwa naogopa. Tulianza "Basi Badala ya Treni", na marehemu akaipiga kama ilivyo kwenye rekodi, imetulia, imenyooka, kila pigo mahali pake. Nikageuka kumwangalia, sikuamini. Kwenye dakika ya pili akainua uso, akawaona watu wale, na wimbo ukaanza kukimbia. Shamba zima likaruka. Magazeti ya wiki ile yaliandika kwamba aliyenunua rekodi hajaisikia bado bendi hii, aende akaisikie inapopiga. Watu wakaja. Waliotuinua ni hao, na walimfuata yeye. Hilo nalisema leo kwa sababu miaka yote hiyo niliposifiwa nilinyamaza.

Bendi ilivunjika kwa amani mwaka 1999. Tarehe 12 Juni mwaka huo huo marehemu alifunga ndoa na Helen Tranter, mfamasia wa Cheam. Kwenye chakula cha harusi aliinuka mezani mara saba, na mara ya saba Helen alimshika koti akasema, "Keti, mume wangu, vyombo vina wenyewe." Walijaliwa watoto wawili, Imogen na Toby. Mwaka 2000 marehemu akawa mwalimu wa udereva, kazi aliyoifanya hadi mwaka huu. Nusu yenu mliopo hapa aliwafundisha yeye. Mnajua jinsi mguu wake ulivyokuwa ukigonga breki ya mwalimu, gari likienda kwa kuchezacheza hadi kituo cha treni na wapita njia wakidhani ni kosa lenu. Wanafunzi wengi walifaulu mara ya kwanza. Toby alifaulu mara ya nne, na ananiomba nisiseme.

Mei mwaka huu marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa muda, kisha akahamia hospisi, nyumba ya kutunza wagonjwa wasiopona, mwishoni mwa Septemba. Alitembea kwenye korido hadi manesi wakampa jina la mlinzi. Alipokuwa hawezi tena kutembea aliomba kitanda kisogezwe dirishani, kisha karibu na mlango, kisha dirishani tena. Mwezi Oktoba nilikwenda peke yangu, nimeazimia. Nikavuta kiti.

"Nev," nikasema, "kuna jambo kuhusu ile rekodi ya kwanza. Wiki ile uliyopiga picha."

Akaniangalia.

"Picha nzuri ile," akasema. "Safu ya tatu ilikuwa inapinda. Hebu funga dirisha, dada, naona upepo."

Nikafunga dirisha. Niliporudi kwenye kiti alikuwa ameshaanza habari za mtihani wa udereva wa mtoto wa Sunil. Nikashukuru moyoni kwamba hakunisikia, na nikaona aibu kwa kushukuru. Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 7 Novemba 2024, saa tisa na dakika ishirini alasiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Helen. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba kaka yangu amekwenda na uongo wangu juu yake, na hakuna wa kumwambia tena.

Halafu ikaja simu ya Jumanne.

"Samahani kukusumbua," ilisema sauti ya mzee. "Ni Rosalind? Jina langu Clifton Braithwaite. Tulionana siku mbili tu, miaka thelathini iliyopita. Mlinipa chai."

Nikakaa chini.

"Nimesoma gazetini kuhusu Neville," akasema. "Naomba kuja kumzika. Sikutaka kutokea tu mlangoni, mkajiuliza huyu ni nani. Nilikuwa mwalimu wake."

"Mwalimu wake wa nini?"

"Kumbe hakukwambia. Alikuja kwangu Machi tisini na tano. Alipiga simu studio, akauliza nani alikuwa kazini siku zile mbili. Nafungua mlango, namwona kijana na santuri mkononi. Nikajua leo napigwa. Akaniambia, 'Samahani, bwana, nadhani kwenye hii wewe ndiye mimi.' Halafu akaomba nimfundishe kuzipiga kama nilivyozipiga, maana watu wameshazinunua hivyo, na hakutaka kuwaangusha. Kila Jumanne, binti yangu. Miaka minne."

"Jumanne," nikasema.

"Na hakuweza hata siku moja! Nyumbani kwangu anatulia vizuri, dakika mbili safi, halafu huyoo. Nilikwenda kumwona kule shambani, mimi na mke wangu. Mke wangu akaniuliza, 'Huyo ndiye mwanafunzi wako?' Nikamwambia, huyo amenishinda, mwache aende."

Nilimwuliza Bwana Clifton jambo moja tu: kwa nini marehemu hakutuambia kwamba anajua.

"Nilimwuliza hivyo hivyo," akasema. "Nikamwambia, waambie, utoe kinyongo. Akasema hana kinyongo. Akasema, 'Wakijua kwamba najua, hawataweza kunitazama usoni, na bendi itakufa.' Kisha akasema jambo kuhusu wewe. Sijui kama nilitaje."

"Litaje."

"Alisema, 'Roz hajawahi kunidanganya maishani isipokuwa mara moja. Hiyo moja namwachia.'"

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na minne, nimeongoza bendi, nimeongoza ofisi, na siku ile nilikaa sakafuni jikoni kwangu hadi chai ikapoa. Alijua tangu Februari ile, akiwa na mashine ya majani mikononi. Alijua tulipokuwa jukwaani, alijua akiwa bwana harusi na mimi nikimsifu mbele ya wageni kwa drams za rekodi ile. Na Oktoba iliyopita, nilipoketi kando ya kitanda chake nikiutafuta mdomo wangu, hapakuwa na upepo wowote dirishani. Alinionea huruma. Nampenda kwa hilo, na nimemkasirikia kwa hilo pia, maana aliniondolea hata nafasi ya kuomba radhi.

Kwa hiyo naandika hapa, ichapwe, ibaki kwenye droo zenu. Drams za albamu ya kwanza ya Viti Arobaini zilipigwa na Clifton Braithwaite. Martin, Sunil na mimi tulimficha Neville Pargeter. Alipouliza, niliyemdanganya ni mimi, na sababu ilikuwa woga.

Marehemu ameacha mama yake, Jean Pargeter; mke wake, Helen; watoto wake, Imogen na Toby; dada yake, Rosalind; wenzake wa bendi, Martin na Sunil; na mwalimu wake, Bwana Clifton Braithwaite, aliyekaa safu ya nne. Bwana Clifton, tunakuomba usimame watu wakuone, kwa kuwa jina lako hatukuliandika pale lilipostahili.

Mungu amlaze pema kaka yetu, na akishindwa kutulia, amwache atembee. Nimeshasema, Nev. Pumzika.